Makhan Singh na Karo Iliyokosekana

Kila nipitapo Muthurwa, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, humkumbuka mtoto wa fundi mmoja wa reli ambaye ufukara ulimfungia mlango wa chuo. Huyo ni Makhan Singh. Vitabu vya historia humtaja kuwa mwasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, nayo ni kweli. Lakini aghalabu husahauliwa kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga chapa.

Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, huko Punjab. Baba yake, Sudh Singh, alitangulia kuja Kenya, akafanya kazi ya reli, na baadaye akafungua kiwanda cha kupiga chapa mjini Nairobi. Mwana alimfuata mwaka 1927, akaingia shule ya serikali ya Wahindi, ile ambayo leo huitwa Jamhuri. Alikuwa mwanafunzi hodari. Hata hivyo, alipofaulu mtihani wake mwaka 1931, fedha za kumpeleka chuoni hazikuwapo. Akavua sare za shule, akaingia kiwandani kwa baba yake.

Anayepanga herufi za risasi hulazimika kusoma kila neno, tena kinyumenyume. Nina hakika kwamba kiwanda hicho ndicho kilichokuwa chuo kikuu chake. Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi, akakifungua kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62 mjini Nairobi, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 15 na 25.

Alipokwenda India, Waingereza walimkamata mwaka 1940 na kumzuilia kwa miaka kadhaa. Alirejea Kenya mwaka 1947, na mwaka 1949 akaunda pamoja na Fred Kubai shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, si mbali na Muthurwa, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi hizi. Mwezi uliofuata wote wawili walitiwa mbaroni, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alikaa kizuizini miaka 11 na zaidi, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, hadi Oktoba 1961. Baada ya uhuru hakupewa cheo chochote kikubwa. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyotoka mwaka 1969, akafariki mwaka 1973.

Huenda msomaji akasema kwamba kama angalipata karo, tusingalimpata shujaa huyu. Sikubaliani na hoja hiyo. Makhan Singh aliangukia mikononi mwa baba mwenye kiwanda. Je, mtoto wa Muthurwa ambaye mzazi wake huuza mboga sokoni, akikosa karo, ataangukia wapi? Tukiusifu ufukara kwa sababu ya mmoja aliyeushinda, tunawasahau wengi walioshindwa nao.

Nchini Marekani, sekta ya uchapaji ilianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana wanaotaka kuingia katika kazi hiyo mwaka 1956, na maelfu wamefaidika. Viwanda vyetu vya chapa navyo hupata riziki yake, kwa kiasi kikubwa, kutokana na vitabu vya kiada na karatasi za mitihani. Yaani, hulishwa na mwanafunzi. Si haki kwamba anayewalisha afukuzwe shule kwa kukosa karo.

Ninapendekeza wenye viwanda hivyo watenge sehemu ndogo ya faida yao, waanzishe mfuko wa karo kwa vijana wa mitaa kama Muthurwa watakaosomea uchapaji, na waupe jina la Makhan Singh. Nanyi walimu, mnapofundisha habari za mgomo wa 1950, anzeni na ule mwaka wa 1931, kijana alipofaulu mtihani na bado akakosa chuo.