Svend Foyn, Mcha Mungu na Chusa Chake

Agosti iliyopita mjomba alinichukua katika mashua yake pale Watamu. Tulipovuka mwamba, nikaona mgongo mweusi ukiinuka majini kama kisiwa. Mjomba akazima injini. Kumbe ni nyangumi, na mtoto wake ubavuni! Tulikaa kimya hadi walipozama. Tangu siku hiyo nikawa natafuta vitabuni ni nani aliyekaribia kuwamaliza viumbe hawa, na ndipo nilipokutana na mzee huyu.

Svend Foyn alizaliwa mwaka wa 1809 katika mji wa Tønsberg, nchini Norwe. Baba yake alikuwa nahodha, akafia baharini Svend akiwa na miaka 4 tu. Mama akabaki na mzigo wa malezi. Lakini wahenga walisema penye nia pana njia. Kijana naye akaingia baharini, akawa nahodha, na katika miaka ya 1840 akaanza kuwinda sili kwenye barafu ya kaskazini. Akatajirika kwelikweli.

Hakuridhika. Enzi hizo wawindaji wa nyangumi walipiga makasia na kurusha chusa kwa mkono. Nyangumi wenye mbio, kama nyangumi buluu, waliwaacha mbali, na hata mmoja akiuawa alizama kama jiwe. Watu waliwatazama hivi hivi wakipita na mafuta yao. Foyn akakuna kichwa. Mwaka wa 1863 akaundiwa meli ya mvuke, akaipa jina la Kilatini lenye maana ya Tumaini na Imani. Akafunga mizinga mbele yake. Alihangaika miaka na mikaka, na kasisi mmoja aitwaye Esmark akamsaidia upande wa bomu. Mwaka wa 1870 serikali ikampa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Chusa chake kilifyatuliwa na mzinga, kikazama mwilini, makucha yake yakafunguka, halafu bomu likalipuka ndani. Kamba nene na winchi zilimzuia mnyama asitoroke wala asizame. Inasemekana Foyn alimshukuru Mungu kwa ufanisi huo.

Hapo nilifunga kitabu kidogo. Kwa maana, jamani, huyu hakuwa mtu mbaya! Aliwajengea wafanyakazi wake nyumba. Hakuacha mtoto, na mali yake akaiachia kazi ya umisheni. Alifariki mwaka wa 1894, watu wakimheshimu.

Lakini chusa hakikufa naye. Kule kaskazini mwa Norwe wavuvi walilalamika kwamba kuuawa kwa nyangumi kunawaharibia uvuvi, na mwaka wa 1903 wakabomoa kituo cha wawindaji pale Mehamn. Mwaka uliofuata uwindaji huo ukapigwa marufuku katika eneo lile. Je, wawindaji waliacha? Wapi! Mwaka huo huo wa 1904 walifungua kituo kisiwani South Georgia, karibu na Antaktika, kwa chusa kile kile. Katika karne ya 20 waliuawa nyangumi karibu milioni 3 duniani. Na nyangumi hazai kama dagaa. Mama hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja tu. Ndiyo maana mwaka wa 1982 mataifa yalikubaliana kusimamisha uwindaji wa biashara, ingawa Norwe na Japani bado huwinda.

Wale tuliowaona Watamu hutoka huko huko Antaktika, wakifuata maji ya joto wapate kuzaa. Bila shaka bibi za bibi zao walikimbizwa na chusa cha Foyn.

Msomaji, mimi ninatamani kuwa mhandisi, na ndiyo sababu maisha ya mzee huyu yamenikosesha usingizi. Alikuwa na bidii, akili na imani, mambo yale yale tunayohimizwa kila siku paredi. Kilichokosekana ni swali moja tu: chombo hiki, nikishaondoka mimi, kitaishia wapi? Wanafunzi wenzangu, siku tutakapovumbua chetu, tujiulize mapema. Majuto ni mjukuu, na mzee Foyn hakuwa hata na mjukuu wa kumwona akijuta.