Paulo Freire: Mwalimu aliyetupwa ndani kwa kufundisha ngumbaru

Ukisikia neno ngumbaru, pengine unacheka kidogo. Unamwona mzee amebanwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, penseli mkononi, miwani puani. Sasa fikiria nchi ambapo darasa kama hilo lilitia jeshi wasiwasi hadi mwalimu akafungwa. Nchi hiyo ni Brazil, na mwalimu ni Paulo Freire.

Alizaliwa Septemba 19, 1921, mjini Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil. Kwao hawakuwa maskini tangu mwanzo, ila uchumi wa dunia ulipoporomoka nao waliporomoka. Babake alifariki 1934, Paulo akiwa na miaka 13 tu, na njaa ikaingia nyumbani. Mamake alizunguka Recife akitafuta shule ya sekondari ambayo ingemchukua kijana bila karo, mpaka mwenye shule moja akakubali. Wewe uliyewahi kupanga foleni ya basari unajua hali hiyo.

Alisomea sheria lakini uwakili ulimshinda mapema. Kesi yake ya kwanza ilikuwa kumdai deni daktari kijana wa meno. Alimhurumia, akaiacha kazi. Mkewe Elza, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemvuta zaidi kwenye elimu. Kuanzia 1947 Freire alifanya kazi katika shirika la huduma kwa wafanyakazi wa viwandani, na huko akagundua kwamba watu wazima wanaboeka upesi ukiwafundisha kama watoto.

Kuna jambo moja la kuelewa hapa. Brazil ya wakati huo, asiyejua kusoma na kuandika hakuruhusiwa kupiga kura. Karibu watu wazima wanne kati ya kila kumi walikuwa hivyo, na wengi wao walikuwa maskini wa mashambani. Kwa hivyo kila mtu mzima aliyejisajili darasani alikuwa mpiga kura mpya njiani. Wanasiasa walijua hesabu hiyo vizuri sana.

Ndipo tunafika Angicos, mji mdogo mkavu katika jimbo la Rio Grande do Norte. Marekani, ikihofia Cuba ya pili, ilikuwa ikimwaga pesa katika eneo hilo lote kupitia mpango wake wa misaada. Gavana Aluízio Alves alitaka sehemu ya pesa hizo ifundishe watu wazima kusoma, tena akachagua Angicos, ambako ndiko kwao. (Hapa Kenya hilo halitushangazi.) Freire alikubali kwa sharti kwamba wanasiasa wasiingilie madarasa.

Januari 1963, wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wa rika lako, walihamia Angicos. Walipita nyumba kwa nyumba wakisikiliza watu wanavyozungumza na kuandikisha wanafunzi. Waliofundishwa walikuwa kama 300. Masomo yalikuwa jioni baada ya kibarua, jumla saa 40 tu.

Saa 40 zingetosha vipi? Freire aliacha kitabu cha watoto na kuchukua maneno ya watu wenyewe: mahindi, soko, kura. Kwa watu wa mjengo alitumia neno tijolo, yaani tofali. Kwanza picha inaonyeshwa ukutani na watu wanajadili: nani anajenga, nani analala ndani ya nyumba hiyo? Kisha neno linakatwa vipande, ti-jo-lo, na kila kipande kinapewa ndugu zake: ta, te, ti, to, tu. Ni ile ba-be-bi-bo-bu uliyoimba chekechea. Ukichukua lu na ta unapata luta, neno la Kireno la mapambano. Mtu anaunda maneno yake mwenyewe usiku uo huo.

Aprili 2, 1963, Rais João Goulart alifika Angicos kwa darasa la kufunga mafunzo. Jenerali mmoja, Castelo Branco, naye alikuwepo. Muda si muda serikali ikataka kufanya hivyo nchi nzima: vikundi 20,000 kwa watu milioni mbili. Agizo rasmi lilitoka Januari 1964.

Halafu mambo yakabadilika. Marekani ilikata pesa zake mapema mwaka huo. Jeshi likapindua serikali kuanzia Machi 31, na kufikia Aprili 14 mpango ulikuwa umefutwa. Rais mpya? Castelo Branco. Freire alifungwa siku takriban 70. Alisimulia baadaye kwamba ofisa mmoja kambini alimwomba awafundishe makurutu kusoma, na yeye akalazimika kumweleza kwamba hicho ndicho kilichomfikisha jela.

Alikimbilia Bolivia, kisha Chile alikoandika kitabu kilichompa sifa duniani, *Pedagogy of the Oppressed*. Baadaye akaishi Geneva, na katika miaka ya 1970 alifika hadi Dar es Salaam, Tanzania ya Nyerere ikiwa mbioni kufundisha watu wazima. Huku nyuma wanajeshi wa Brazil walianzisha kisomo chao, MOBRAL, kilichotumia picha na maneno vilevile lakini bila yale maswali kuhusu nani anajenga na nani analala.

Alirudi nyumbani 1980. Wasiojua kusoma waliruhusiwa kupiga kura 1985. Mwaka wa 1989 meya wa São Paulo alimpa idara ya elimu, naye akaanzisha mpango wa MOVA: jiji linatoa pesa, vikundi vya mtaani vinaendesha madarasa. Alijiuzulu 1991 kurudi kwenye vitabu vyake. Meya mwingine aliingia 1993 na kuusimamisha mpango huo. Freire alifariki Mei 2, 1997, São Paulo, kwa ugonjwa wa moyo.