Schillings na Simba Aliyejipiga Picha

Siku hizi mgeni wa loji ya mbugani anakaa barazani na lenzi ndefu kama bomba, anamsubiri ndege atue kwenye tawi. Picha inapatikana, ndege anaruka zake, hakuna aliyekufa. Ila wenzangu, mambo hayakuanza hivi. Mcheki Carl Georg Schillings.

Mjerumani huyu alizaliwa mwaka 1865 mjini Düren. Miaka ya mwisho ya 1890 alikuja huku, wakati huo tukiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na alikuja na bunduki. Ngozi na mafuvu ya wanyama aliowaua vilisafirishwa hadi kwenye makumbusho ya kwao. Lakini kadiri alivyozunguka nyika za Kilimanjaro na bonde la mto Pangani, ndivyo alivyoona wanyama wanakwisha kabla dunia haijaona wanavyoishi. Akaamua kuwapiga picha, tena usiku.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Kila picha ilihitaji kioo chake kilichopakwa dawa; kikipasuka, basi tena. Vioo, kamera nzito na unga wa magnesiamu wa kutoa mwanga vilipita porini juu ya vichwa vya wapagazi. Giza likiingia, ng'ombe au punda anafungwa awe chambo, kisha uzi unategwa karibu yake. Simba akirukia, anagusa uzi, unga unalipuka mwanga mkali na kamera inanasa. Yaani simba alijipiga picha mwenyewe! Kamera ambazo watafiti wanategesha porini leo zinafuata wazo hilohilo.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na picha zile zikamfanya awe maarufu. Mwaka huohuo, kusini mwa koloni hilohilo, Vita vya Maji Maji vikaanza. Msomaji wa Berlin alimjua simba wa Pangani kwa sura, ila jina kwenye jalada lilikuwa moja tu, na halikuwa la mpagazi.

Baadaye mwindaji huyu akawa mtetezi. Alipinga ndege kuuawa eti manyoya yao yapambe kofia za wanawake wa Ulaya. Alifariki Berlin mwaka 1921.

Wapo watakaomwita mnafiki. Mimi namwona mtu aliyechelewa kuelewa somo, lakini akalielewa, na sisi tunaosomea ualimu tunajua wanafunzi wa aina hiyo si haba. Kinachonisumbua ni chambo. Hata leo kuna anayemrushia ndege mkate ili asogee, na kuna anayembana dereva amkaribie chui mpaka chui aache mawindo yake. Picha inatoka kali, likes zinamiminika. Kabla hatujaisifu, tuulize gharama yake kabeba nani. Kwa picha za Schillings, alibeba ng'ombe aliyefungwa kamba, na mtu mwenye sanduku la vioo kichwani.