MAISHA YA JAN AMOS KOMENSKÝ, MWALIMU ALIYEKUWA MKIMBIZI



Katika toleo hili la kumbukumbu, sisi wa kamati ya elimu tumeona tueleze maisha ya Jan Amos Komenský, ambaye katika vitabu vingi huitwa Comenius. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliishi ukimbizini miaka 42, hadi kufa kwake. Pili, yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kuwafundisha walimu wa watoto wadogo kwamba lugha, maarifa ya viumbe, kazi za mikono na tabia njema vinaweza kufundishwa pamoja katika somo moja.

Komenský alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, sehemu ambayo leo iko katika Jamhuri ya Cheki. Alipofika umri wa miaka 12 hivi alikuwa tayari yatima wa baba na mama. Shule ya Kilatini aliingia akiwa na miaka 16, yaani alikuwa mkubwa kuliko wenzake wengi. Huko aliona watoto wakikaririshwa maneno ya Kilatini ambayo maana yake hawakuijua, na fimbo ikifanya kazi ya mwalimu. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Baadaye alisoma Ujerumani, akarudi nyumbani kufundisha, na mwaka 1616 akawa mchungaji katika kanisa la Umoja wa Ndugu.

Mwaka 1618 vita vilianza, navyo vilidumu miaka 30. Mwaka 1620 watu wa dini yake walishindwa katika mapigano ya Mlima Mweupe, karibu na Praha. Mji wa Fulnek, alikokuwa mchungaji na mwalimu, ukaporwa. Komenský akaanza kujificha huku na huko. Tauni ikamwua mke wake na watoto wao wawili. Vitabu vyake vikachomwa moto. Hatimaye wasiokuwa Wakatoliki waliambiwa wabadili dini au waondoke nchini. Mwezi Februari 1628 alivuka mpaka pamoja na wenzake wakaingia Poland, wakapokewa katika mji wa Leszno.

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza. Wakimbizi wale waliamini kwamba watarudi karibuni, naye akaona kwamba siku ya kurudi nchi itahitaji shule kabla ya mambo mengine mengi. Basi akafundisha, na usiku akaandika. Alitaka shule iwe ya watoto wote, wavulana kwa wasichana, maskini kwa matajiri. Alitaka mtoto wa miaka 6 hadi 12 asome kwanza kwa lugha ya mama yake, ndipo apewe lugha ya kigeni. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kufundishia Kilatini chenye sura 100. Sarufi kavu hakuitanguliza. Kila sura ilieleza jambo la dunia: moto, maji, wanyama, mwili wa mtu, nyumba, kazi za mafundi. Mwanafunzi alijifunza lugha na dunia kwa wakati mmoja. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya, na jina la mkimbizi wa Leszno likajulikana mbali.

Aliitwa Uingereza mwaka 1641, kisha akafanya kazi ya kuandika vitabu vya shule kwa ajili ya Sweden. Alitumaini kwamba Sweden itawasemea watu wake siku ya mapatano. Mwaka 1648 amani ilitiwa saini, lakini wakimbizi wa nchi yake hawakuruhusiwa kurudi na dini yao. Mwaka huohuo alifiwa na mke wake wa pili, na kanisa lake lililotawanyika likamchagua kuwa askofu.

Kuanzia 1650 hadi 1654 alikuwa Sárospatak, Hungaria. Alipanga shule ya madarasa saba, lakini yaliyofunguliwa yalikuwa matatu tu. Pamoja na upungufu huo, huko ndiko alikotunga michezo ya kuigiza ili wanafunzi wacheze masomo yao jukwaani, na huko ndiko alikotayarisha kitabu kilichompa sifa kuliko vyote, Orbis Pictus, kilichochapwa Nuremberg mwaka 1658.

Kitabu hicho kina masomo 150, na kila somo lina picha. Vitu vilivyomo katika picha vimetiwa namba, na namba hizo zimo pia katika maelezo, ambayo yako kwa Kilatini na Kijerumani. Tuchukue somo la mwoka mikate. Mtoto anaona chekecheke, chombo cha kukandia, donge la unga na tanuri. Anafuata namba, anasoma jina la kila kitu kwa lugha mbili, anaelewa kazi inavyokwenda hatua kwa hatua, na anajua jasho lililomo katika mkate anaokula. Hata herufi zilifundishwa kwa sauti za wanyama: kunguru, mwanakondoo na wengine. Kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wa Ulaya walisoma kitabu hicho.

Misiba haikumwacha. Mwaka 1656 mji wa Leszno uliteketezwa vitani. Nyumba yake iliungua pamoja na kamusi ya lugha yake aliyoikusanya kwa zaidi ya miaka 40. Akiwa na miaka 64 akawa mkimbizi upya, safari hii Amsterdam, Uholanzi. Mwaka 1657 alichapa hapo maandishi yake yote ya elimu.

Hatutaki kumfanya malaika. Uchungu wa kukosa kurudi ulimfanya awaamini watu waliojiita manabii, waliotabiri kwamba adui ataanguka na wakimbizi watarejea kwao. Akazichapa tabiri zao mwaka uleule wa 1657. Hazikutimia, na heshima yake ikapungua. Sisi tunaoishi na uvumi wa kurudi kila mwezi tunamwelewa, na tunajifunza. Alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa Naarden, bila kuiona tena nchi yake. Leo katika Jamhuri ya Cheki, tarehe 28 Machi ni siku ya walimu.

Ndugu wazazi, baadhi yenu mmetuuliza kwa nini mwalimu anawatoa watoto darasani wakati wa hesabu na kuwapeleka bustanini. Mnasema watoto wanacheza, na mtihani unakuja. Swali hilo ni la haki, maana cheti ndicho mali pekee ambayo mtoto wetu atavuka nayo mpaka. Lakini tazameni: mtoto akipima tuta la mchicha amefanya hesabu, akieleza kwa nini mche umekauka amejifunza sayansi, akiandika sentensi tatu juu yake amesoma lugha. Pale ambapo kitabu kimoja kinasomwa na watoto wengi, tuta la mchicha nalo ni kitabu.

Komenský aliandaa shule kwa ajili ya siku ya kurudi. Siku hiyo haikufika kwake, lakini watoto aliowafundisha ukimbizini walipata elimu yao palepale walipokuwa. Nasi tusiseme watoto watasoma vizuri tukifika nyumbani. Utoto wao unapita hapa hapa kambini, na haurudi.