Maisha ya H. G. Wells, Mbunifu wa Mashine ya Wakati

Ubishi wa filamu za safari za wakati mnaujua. Mtu akirudi zamani akamzuia babu yake asioe, yeye mwenyewe atazaliwa na nani? Aliyeufungulia ubishi huu mlango kuliko wengine ni Herbert George Wells.

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, katika mji wa Bromley, Uingereza. Baba yake alikuwa na duka dogo lisilo na faida. Alipokuwa mtoto alivunjika mguu, akalala kitandani majuma mengi, na vitabu alivyoletewa vikamtia hamu ya elimu. Lakini fedha hazikuwapo. Alipelekwa kujifunza kazi katika duka la nguo, akaichukia mno. Mwishowe aliiacha, akawa mwalimu msaidizi huku akisoma, na mwaka 1884 akapata msaada wa masomo katika chuo cha sayansi cha South Kensington, London. Huko alifundishwa na bingwa Thomas Huxley.

Chuoni palikuwa na chama cha majadiliano cha wanafunzi, na humo ndimo aliposikia habari ya kipimo cha nne. Kila kitu kina urefu, upana na kimo. Lakini kitu kisichodumu hata nukta moja, chaweza kusemwa kwamba kipo? Basi wakati nao ni kipimo. Kama mtu aweza kutoka Arua kwenda Koboko na kurudi, mbona asiende kesho na kurudi jana?

Mwaka 1887 mambo yalimharibikia. Alishindwa mtihani wa jiolojia, kisha, alipokuwa akifundisha shuleni, akaumizwa figo katika mchezo wa mpira, akawa mgonjwa sana. Hata hivyo mwaka 1888 alitoa hadithi ya safari ya wakati katika gazeti la wanafunzi, ambalo yeye alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Hakuridhika nayo. Aliiandika upya mara kadhaa, hata mwaka 1895 ikawa kitabu kiitwacho The Time Machine.

Sheria ya mashine yake ni hii: msafiri hukaa palepale, wakati ndio upitao. Tuchukue mfano wa kwetu. Aliyeketi Arua akarudi mwaka 1905 angejikuta katika nchi ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji; mwaka 1912 angekuwa chini ya Sudan; mwaka 1914 chini ya Uganda, naye hajasogea hata hatua moja! Wabishi huuliza: je, dunia si huzunguka jua? Mashine ingebakije mahali pake?

Wells alimpeleka msafiri wake mbele, mpaka mwaka 802,701, kwa hiyo fundo la babu halikumsumbua. Waliomfuata ndio waliorudi nyuma wakanaswa. Mchezo wa televisheni Doctor Who ulianza tarehe 23 Novemba, 1963, ukakoma 1989, ukarudi 2005. Waandishi wake wamekuwa wengi, na alilojenga mmoja mwingine hulibomoa. Ndipo watazamaji hukaa wakilinganisha hadithi za miaka hii na za miaka ile. Mwaka 1985 walimtia hata Wells mwenyewe, akiwa kijana.

Wells aliandika vitabu vingi. Katika kimoja cha mwaka 1914 alibuni bomu la atomu, naye akaishi kusikia bomu la kweli likiangushwa Hiroshima mwaka 1945. Alifariki London tarehe 13 Agosti, 1946.

Ndugu zangu, tujifunze hili. Mashine iliyosafiri mbali hivyo ilianzia katika majadiliano ya wanafunzi na gazeti lao dogo, ikatengenezwa na kijana mgonjwa aliyekuwa ameshindwa mtihani. Kubisha ni kwema, lakini asiyeshika kalamu ubishi wake huishia hewani. Gazeti letu lina nafasi.