Salme: Binti wa sultani aliyependa Mjerumani, akaipoteza Zanzibar

Ukipanda gari Bunda kwenda Sirari, utafika Makutano ya Butiama, ambako mwenye safari ya Musoma huingia kushoto. Ukinyoosha, unavuka daraja la Kirumi, unapita Tarime, na mwisho unafika mpakani. Ng'ambo ni Kenya.

Mstari huo ulianza kuchorwa mwaka 1886, Ulaya, na Waingereza na Wajerumani. Hakuna mzee wa Mara aliyeulizwa.

Mwaka mmoja kabla, manowari za Ujerumani zilikuwa zimetia nanga Zanzibar kumbana Sultani Barghash aache madai yake bara. Nyuma ya manowari hizo kulikuwa na meli nyingine, na ndani yake mjane wa miaka 40 na watoto wake watatu. Pasipoti yake ilimwita Emily Ruete. Sultani alimjua kwa jina jingine: Salme, mdogo wake wa damu, ambaye hakutaka hata kumwona.

Kisa chao kilianza na penzi. Au tuseme kilianza kabla ya hapo, na msichana aliyejifunza kuandika.

Kalamu ya siri

Sayyida Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetokea upande wa milima ya Kaukazi.

Nyumba ilijaa watoto, masuria, watumishi na watumwa. Utajiri wa familia ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya binadamu. Wengi waliolima mashamba yale walikuwa watu wa bara waliotekwa na kuvushwa bahari.

Watoto wa kike wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, basi. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akatafuta wino, akanakili herufi moja moja kutoka kwenye msahafu hadi mkono ukazoea. Alifanya hivyo kwa siri, na ilipojulikana alisemwa sana.

Ujuzi huo ndio uliokuja kumponza.

Barua za uasi

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Salme, aliyekuwa na miaka 12, alihesabiwa kuwa mtu mzima na akapewa urithi wake wa shamba na fedha. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake. Akabaki binti wa miaka 15, mwenye mali, asiye na wa kumwongoza.

Kaka yake Majid alikuwa ndiye sultani. Kaka mwingine, Barghash, alikitaka kiti. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda kupita kiasi, alikuwa upande wa Barghash, akamvuta mdogo wake.

Wapangaji wa uasi walihitaji mtu wa kuandika barua ambaye hatashukiwa. Nani angemshuku msichana? Salme akawa katibu wao. Barua za kuomba watu na silaha zilitoka mikononi mwake.

Uasi ulishindwa. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme alikimbilia shambani, akiwa amepoteza heshima, marafiki na sehemu ya mali yake. Majid, ambaye ndiye aliyekosewa, alimsamehe. Salme aliporudi kuelewana naye, upande wa Barghash nao ukamhesabu msaliti. Sasa alikuwa hana kwao upande wowote.

Jirani wa paa la pili

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1860 aliporudi kuishi Mji Mkongwe. Nyumba za pale zimebanana, paa la mmoja linatazamana na la mwenzake. Jirani yake alikuwa Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg aliyezaliwa mwaka 1839, mfanyabiashara katika moja ya kampuni za Wajerumani zilizokuwa kisiwani.

Kutoka juu kwake, Salme aliona karamu za Wazungu, wanawake na wanaume wakila meza moja. Kutazamana kukazaa maongezi, na maongezi yao yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha waliyokuwa nayo wote wawili. Mapenzi yakaingia.

Kisha Salme akapata ujauzito.

Kwa binti wa sultani, asiyeolewa, tena na mwanaume Mkristo, hili halikuwa suala la aibu tu. Ilikuwa hatari ya kufa. Kadiri tumbo lilivyokua, ndivyo muda ulivyozidi kumwishia.

Usiku wa Agosti 1866

Msaada ulitoka kwa Waingereza. Dk. John Kirk wa ubalozi wao na Emily Seward, mke wa kaimu balozi, walihusika kumpangia njia. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, Salme alishushwa pwani na kuingizwa katika manowari ya Uingereza, Highflyer. Inasimuliwa kwamba ulikuwa msimu wa kuoga mwaka, wanawake wakiteremka baharini kwa makundi, hivyo mwanamke mmoja zaidi ufukweni hakuonekana ajabu.

Heinrich hakuondoka naye. Alibaki kufunga hesabu za biashara zake, na Majid hakumdhuru.

Salme alishushwa Aden, akasubiri. Mwezi Desemba alijifungua mtoto wa kiume. Miezi ikapita bila mume. Hatimaye Heinrich akafika, na tarehe 30 Mei 1867, siku moja hiyohiyo, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na wakafunga ndoa. Kisha wakapanda meli kwenda Ulaya. Mtoto wao wa kwanza alifariki njiani kabla hawajafika Hamburg.

Kwa kubatizwa, alikuwa ameufunga mlango wa nyumbani kwa mkono wake. Kwa sheria ya ndugu zake, aliyeacha Uislamu hana tena fungu katika urithi wao.

Miaka mitatu tu

Hamburg ilikuwa baridi, chakula kigeni, na watu walimkodolea macho. Hata hivyo kulikuwa na Heinrich, na watoto watatu waliofuatana: Antonie mwaka 1868, Rudolph 1869 na Rosalie 1870.

Agosti 1870, Heinrich aliumia akishuka kwenye tramu ya kukokotwa na farasi, akafariki siku chache baadaye. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi minne.

Mjane wa miaka 25 akabaki katika nchi ambayo lugha yake bado ilimsumbua, na sheria zake hazikumpa mwanamke mamlaka kamili juu ya fedha za marehemu mumewe. Mwaka huohuo Majid, kaka aliyemsamehe, naye akafa Zanzibar. Aliyeshika kiti ni Barghash.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mtu ambaye Salme alimwandikia barua za hatari akiwa na miaka 15 sasa alikuwa na mamlaka ya kumrudisha nyumbani, na hakutaka. Salme alihama mji baada ya mji, akiuza vito vyake na kufundisha Kiarabu ili watoto wale.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alisafiri hadi huko akitumaini kuonana naye. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na yake ya kuzungumza na sultani, ilimtuma Sir Bartle Frere kumwomba asijitokeze, kwa ahadi ya kusaidiwa malezi ya watoto. Salme alikubali, na baadaye akalalamika kwamba ahadi haikutimizwa.

Mwanamke kama silaha

Miaka kumi baadaye, Wajerumani wakamkumbuka. Carl Peters alikuwa amezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884 akikusanya mikataba yenye alama za machifu, na Februari 1885 Berlin ikatangaza ulinzi juu ya maeneo hayo. Barghash alipinga.

Kansela Bismarck akaona Salme anafaa. Alikuwa raia wa Ujerumani mwenye madai ya urithi. Sultani akimgusa, Ujerumani ina sababu ya kupiga mizinga. Agosti 1885 akapelekwa Zanzibar katika meli ya Adler, nyuma ya kundi la manowari.

Barghash aliinamisha kichwa mbele ya manowari na kukubali madai ya Wajerumani bara. Basi kazi ya Salme ikawa imekwisha. Alishuka, akatembea mitaa ya utotoni mwake, na wenyeji wakamsalimia kwa furaha. Lakini kaka yake hakumpokea, na urithi hakuupata. Wajerumani walichukua walichokitaka, wakaondoka naye.

Mwaka uliofuata, Uingereza na Ujerumani wakagawana. Mstari ulitoka mdomo wa mto Umba, Bahari ya Hindi, ukaizunguka Kilimanjaro na kwenda moja kwa moja hadi Ziwa Victoria, mahali digrii 1 kusini mwa ikweta inapokutana na ufukwe wa mashariki. Musoma, Bunda na Butiama zikaangukia upande wa Wajerumani. Salme hakuuchora mstari huo na wala hakuulizwa. Ila alikuwa mmoja wa vitu vilivyowekwa mezani wakati wa kupatana bei.

Kitabu na lawama zake

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Kitabu kilisomwa sana na kikatafsiriwa, kwa sababu ni nadra kupata maandishi ya mwanamke wa jumba la sultani wa karne ile akieleza ya ndani mwenyewe. Mle aliwaambia Wazungu bila kuuma maneno kwamba hawamjui mwanamke wa Kiislamu wanayemsema.

Lakini pia aliutetea utumwa. Hilo halifichiki. Hamburg iliwahi kuupa uwanja mmoja jina lake, kisha ikaliondoa kwa sababu hiyo. Mwanamke aliyejua uchungu wa kufungiwa mlango hakuweza kuuona uchungu wa waliolima karafuu za baba yake.

Mchanga wa pwani

Barghash alifariki mwaka 1888. Salme akarudi Zanzibar mara ya pili, safari hii kwa sultani mpya, na akarudi tena mikono mitupu. Hakutaka kuishi Ujerumani, akakaa Mashariki ya Kati, kwa miaka mingi Beirut, hadi vita ya 1914 ilipokaribia.

Ilichukua hadi miaka ya 1920 kwa sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, kumkubalia malipo madogo ya kila mwaka. Salme alikuwa bibi wa zaidi ya miaka 75.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Wakati huo huko Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito aitwaye Kambarage alikuwa hajatimiza miaka miwili. Ni yeye ambaye mwaka 1964 angeweka saini kuunganisha kisiwa cha Salme na bara lililogawanywa mbele ya macho yake.

Amezikwa Ohlsdorf, Hamburg, katika kaburi la familia ya Ruete. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa ufukwe wa Zanzibar, na kwamba alizikwa nacho.