Mwalimu Ezekiel Cheever

Ezekiel Cheever alizaliwa London, akavuka bahari mwaka 1637 kwenda nchi iitwayo leo Marekani. Mwaka uliofuata alianza kufundisha watoto mjini New Haven, kisha Ipswich, kisha Charlestown. Huko ilimlazimu kuwakumbusha wakuu wa mji mshahara wake uliokawia. Lakini kazi hakuiacha. Mwaka 1670 aliitwa kuiongoza shule ya mji wa Boston, akadumu humo hata alipofariki mwaka 1708, mwenye miaka zaidi ya 90. Alifundisha miaka ipatayo 70. Mchungaji Cotton Mather, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimsifu katika hotuba ya maziko. Heshima hiyo ilimpasa. Ila sisi twasema, mwalimu na apewe haki yake angali hai.